Jinsi ya Kurusha Shilingi Mara 10,000 Bila Kuinama Kuiokota

Hongera, mwalimu. Shule yako imepata programu ya kurusha shilingi. Haidhuru imefika vipi. Huenda ililetwa kwenye flashi na mfadhili aliyepiga picha na kuondoka kabla chai haijachemka, na kuondoka hapa Mogogosiek, kwenye mashamba ya chai ya Bomet, bila kunywa chai si jambo rahisi. Huenda imo ndani ya tableti za ule mradi wa serikali ulioahidiwa kama laptopu mwaka 2013 na kuwasili kama tableti mwaka 2016. Muhimu ni kwamba kuanzia leo mtoto hatainama tena chini ya dawati kusaka shilingi kumi iliyobingirika, wala hutalazimika kuuliza mara tatu, kwa sauti inayozidi kupanda, ni nani aliyeiokota.

Mwongozo huu utakusaidia kuifundisha mada ya uwezekano mwanzo hadi mwisho bila mtu yeyote kubadilisha mawazo yake juu ya jambo lolote. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu programu hizi, zikiachwa peke yake na watoto, zina tabia mbaya ya kufundisha.

Kwanza, ufunguo

Tableti zimo kwenye kabati la chuma, kabati limo stoo, na stoo ina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao mwalimu mkuu, mwingine anao naibu wake. Tuseme kila mmoja wao hupatikana shuleni siku moja kati ya mbili. Basi nafasi ya stoo kufunguliwa leo ni nusu mara nusu, yaani robo. Umeshafundisha kanuni ya kuzidisha hata kabla ya kuiona tableti yenyewe.

Ila kuna yule mwanafunzi wa dawati la nyuma, mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Atainua mkono. "Mwalimu, na wakiitwa mkutano mmoja huko Bomet?" Swali hili ni la hatari. Maana yake ameng'amua kwamba matukio hayo mawili hayajitegemei, kwamba siku asipokuwepo mmoja huenda mwenzake naye hayupo, na kwamba ile robo yako imesimama hewani. Mjibu kwamba swali hilo halitoki kwenye mtihani, kisha futa ubao.

Stoo ikifunguka, kuna suala la stima. Tableti zimelala tangu muhula uliopita, soketi ni moja, na mawingu yameanza kujikusanya upande wa msitu wa Mau. Wakati mnasubiri, hakikisha hakuna anayechezea kikokotoo chake. Casio fx-82MS, kile ambacho wanafunzi wengi wa sekondari wanacho tayari mkobani, kina kitufe cha nukta, na juu ya nukta hiyo pameandikwa Ran#. Bonyeza SHIFT, kisha nukta, kisha alama ya sawasawa: kinakupa namba ya nasibu kati ya 0.000 na 0.999. Chini ya 0.500 iite kichwa, 0.500 kwenda juu iite mkia. Bonyeza tena sawasawa, unapata nyingine. Hiyo ni programu kamili ya kurusha shilingi, inayoendeshwa na betri ndogo, isiyohitaji zabuni, semina ya siku tatu hotelini, wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Jambo kama hili likijulikana, watu watapoteza kazi.

Vivyo hivyo kwa ile kompyuta moja ya ofisini. Ukifungua lahajedwali na kuandika =RANDBETWEEN(0,1) kwenye kisanduku cha kwanza, ukaiburuta fomula hiyo hadi mstari wa 1,000, kisha ukaweka jumla kando, umerusha shilingi elfu moja. Kila ukibonyeza F9 zote zinaruka upya na jumla inabadilika: mara 487, mara 512, mara 503. Usimwache mtoto abonyeze F9 kwa zaidi ya nusu dakika. Akiendelea ataanza kuona kwamba jumla haitulii kwenye 500 hata siku moja, ila pia hutoka nje ya 470 na 530 kwa nadra. Ataona kwamba kubahatisha kuna ukingo. Hilo likishaingia kichwani halitoki, na sura nzima ya kitabu itakuwa imekosa kazi.

Pili, amueni kichwa ni kipi

Programu nyingi zimetengenezwa na watu ambao sarafu zao zina kichwa cha mtu. Zetu za Kenya pia zilikuwa nacho: Mzee Kenyatta, kisha Moi, kisha Kibaki kwenye ile ya shilingi 40 ya mwaka 2003, kisha Kenyatta akarudi. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikasema noti na sarafu zisiwe na picha ya mtu yeyote, na tarehe 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Upande wa pili ni nembo ya taifa.

Chukua sasa shilingi kumi uitazame kwa makini. Upande mmoja yumo simba mmoja. Upande wa nembo wamo simba wawili wameshika mikuki, na kwenye ngao katikati yao yuko jogoo. Kwa kuhesabu vichwa, upande wa nembo unaongoza tatu kwa moja. Hoja hii iwasilishe darasani mapema iwezekanavyo. Kipindi kina dakika 40, na mjadala wa kichwa ni kipi, ukiongozwa kwa haki na kila upande ukapewa nafasi, unaweza kumeza 35. Mwishowe wapige kura. Usikubali kabisa pendekezo kwamba waamue kwa kurusha shilingi.

Tatu, bonyezeni 10,000 mara moja

Programu huja na vitufe kadhaa: rusha 1, rusha 10, rusha 100, na kuendelea. Kitufe cha 1 ni adui yako. Mtoto akianza na mrusho mmoja, atataka kukisia kabla ya kubonyeza. Akikisia, atakuwa na dau. Akiwa na dau, atakasirika ikija kinyume, na mtoto aliyekasirika huuliza kwa nini. Kwa hiyo bonyeza 10,000 kabla hujasema hata habari za asubuhi. Mistari miwili, ya vichwa na ya mikia, itaruka hadi juu, yote karibu sawa, na hakuna atakayeshangaa kwa sababu hakuna aliyetarajia chochote.

Wapo wanaoiharibu mbinu hii kwa makusudi. Mradi wa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Nobel wa fizikia, una programu ya bure ya vimpira vinavyodondoka katikati ya safu za vigingi. Kila kigingi hukipeleka kimpira kushoto au kulia, kwa hiyo kimpira kimoja kikifika chini ni sawa na shilingi iliyorushwa mfululizo wake wote. Wameruhusu mtu aangushe kimpira kimoja tu, akikodolee macho mpaka kitue, ndipo aangushe cha pili. Nadhani walisahau kukiondoa kitufe hicho.

Ikiwa mkaguzi yupo na unataka kuonekana umesoma, waambie watoto kwamba zamani kazi hii ilifanywa kwa mkono. Buffon, Mfaransa wa karne ya 18, anatajwa kwa mirusho 4,040 iliyotoa vichwa 2,048. Karl Pearson wa London alifikisha 24,000 akapata 12,012. Lakini anayestahili kusimuliwa ni John Kerrich, mwalimu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Aprili 1940 alikuwa Denmark pale Wajerumani walipoingia, akafungiwa kambini. Humo ndani alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila tokeo. Alikuwa na faida moja ambayo wewe huna, nayo ni kwamba hakuwa na silabasi ya kumaliza.

Matokeo yake yalikwenda hivi. Katika mirusho 10 ya mwanzo, vichwa 4. Katika 100, vichwa 44. Katika 1,000, vichwa 502. Katika 10,000, vichwa 5,067. Sikiliza vizuri hapa, kwa sababu ndipo walimu wengi wanapoteleza na kujikuta wamefundisha. Andika ubaoni safu ya asilimia peke yake: 40, 44, 50.2, 50.67. Darasa litaitikia kwamba inakaribia nusu, utasema vizuri sana, kengele italia.

Usithubutu kuandika safu ya pili, ya tofauti kati ya vichwa alivyopata na nusu kamili. Ungeiandika ingesomeka hivi: pungufu 1, pungufu 6, ziada 2, ziada 67. Angalia mirusho 100 halafu 10,000. Kwa asilimia, Kerrich alikuwa pointi 6 mbali na nusu, akafika chini ya pointi moja. Kwa idadi, alikuwa vichwa 6 mbali na nusu, akafika 67. Asilimia inaisogelea nusu huku idadi yenyewe ikiikimbia. Shilingi haikurudisha kitu. Haikukaa ikawaza kwamba nimewapa mikia mingi mno, ngoja sasa niwape vichwa. Ule upungufu wa mwanzo haukulipwa na mtu. Ulimezwa tu na wingi wa mirusho iliyofuata, ukawa hauonekani.

Hili likieleweka litavuruga mambo mengi mno kijijini. Vijana wanaokaa pale stendi na simu zao wakicheza Aviator, mchezo wa kamari wa kandege kanakopaa na kutoweka wakati kapendapo, wana falsafa moja: kakitoweka mapema mara saba mfululizo, ya nane lazima kapae. Wanaamini bahati ina daftari la madeni. Falsafa hiyo haikutoka mbinguni. Wengine wao waliipata darasani, kwa mwalimu aliyewaambia kwamba mwishowe vichwa na mikia hulingana.

Nne, lindeni nusu kwa nusu

Imani nyingine inayofaa kuhifadhiwa ni kwamba jambo lenye matokeo mawili lina nafasi nusu kwa nusu. Mvua ya mawe ama itanyesha leo ama haitanyesha. Basi ni nusu. Mwanafunzi ama atapita ama ataanguka, nusu. Bonasi ya majani ya chai ama itaridhisha ama, hapo tuishie. Programu ya shilingi huitunza imani hii vizuri kwa sababu ikifunguliwa huwa imewekwa 0.5, na ukiiacha ilivyo watoto watadhani 0.5 ndiyo maana ya kutojua.

Kwa bahati mbaya kaunti zetu zina takwimu ya kuiharibu. Nyanda hizi za chai za Kericho na Nandi zimetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na idadi inayonukuliwa ni siku 132 kwa mwaka. Gawanya 132 kwa 365: unapata 0.36. Hata sisi mabingwa hatufiki nusu. Na hiyo ni kwa eneo zima. Kwa shamba moja nafasi ni ndogo zaidi, maana mawe huanguka kwa ukanda. Hulivua shamba la jirani hadi vikonyo vikabaki vimesimama uchi, na la kwako likabaki kijani kibichi, mpaka watu waanze kukuangalia vibaya kanisani. Mtoto akiuliza kama anaweza kuiweka programu kwenye 0.36 na kuirusha mara 30 ili aone mwezi mmoja wa mawe unaweza kuwa na sura gani, mwambie hiyo ni jiografia.

Tano, kazi ya nyumbani

Waagize warushe shilingi halisi mara 100 nyumbani, waandike K au M kwa kila mrusho. Hakuna atakayefanya. Nyumbani kuna ng'ombe wa kukamuliwa, kuni za kupasuliwa na majani ya kupelekwa kituoni kabla lori halijaja, na hata angekuwa na muda, shilingi kumi ya kurusha mara 100 bila kutumwa dukani haipo. Watakaa chini ya mti wa parachichi dakika nne na kubuni orodha: K M K K M K M M K M, na kuendelea hivyo kwa nidhamu. Kesho wataleta karatasi safi, na wewe utaweka tiki nyekundu.

Utatamani kuweka tiki hizo bila kusoma. Fanya hivyo. Ukisoma utagundua kitu ambacho wataalamu wa takwimu wamekitumia kwa miaka mingi kuwanasa wanafunzi wao. Anayebuni huogopa mfululizo. Akishaandika K tatu mkono unamwasha aandike M, kwa sababu anahisi K ya nne itaonekana ya uongo. Shilingi ya kweli haina haya hiyo. Katika mirusho 100, uwezekano wa kuona angalau mfululizo mmoja wa tano au zaidi, uwe wa vichwa au wa mikia, ni takriban 0.97. Wa sita au zaidi ni karibu 0.8. Kwa hiyo karatasi isiyo na K tano wala M tano zilizofuatana popote karibu ni kukiri kosa kwa mwandiko wa mtuhumiwa mwenyewe.

Ukitaka kujiharibia jina la ualimu mwema, fanya hivi: gawa darasa mara mbili, nusu warushe kweli, nusu wabuni, wewe toka nje. Ukirudi, taja kila karatasi ni ya kundi gani. Utapatia nyingi hivi kwamba wataanza kunong'ona kuhusu nyanya yako. Kisha, badala ya kuwaacha wakuogope, fungua programu, irushe 100, na uwaombe watafute mfululizo mrefu zaidi. Irushe tena. Na tena. Baada ya mara tano hivi utawasikia wenyewe wakisema "sita, saba, tano, sita," bila kushtuka, na wale vijana wa stendi wenye kandege kao watakuwa wamepoteza mwenzao mmoja. Sikushauri. Nimetaja tu ili ujue kinachowezekana mtu asipojichunga.

Na kama mvua imeshaanza kupiga mabati, na hapa ikipiga alasiri mwalimu hasikiki hata na wa dawati la mbele, hilo ndilo zoezi pekee linaloweza kuendelea bila mtu kusema neno. Wenye busara hutumia wakati huo kuwaambia watoto walaze vichwa.

Sita, ficheni kitelezi

Mahali fulani kwenye skrini, mara nyingi kona ya chini, pana kijistari chenye kitufe unachokisogeza kushoto na kulia. Kinabadilisha nafasi ya kichwa kutoka 0.5 kwenda popote. Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote katika programu nzima, kwa hiyo kibandike karatasi.

Sababu ni kwamba watoto wa hapa si watoto wa kawaida mbele ya mashine inayotoa namba. Wamekulia kando ya mizani ya majani. Wamesimama foleni kwenye kituo na mama zao, wameona gunia likitundikwa, wameisoma namba kabla karani hajaitamka, na wanajua tofauti ya kilo iliyosomwa gunia likiyumba na kilo iliyosomwa likiwa limetulia. Ukiwaambia shilingi hii ya kwenye kioo ni ya haki, hawatajibu kwa adabu tu. Watataka kujua nani aliipima. Hilo ndilo swali lenyewe la takwimu, na wamelileta kutoka nyumbani wakiwa na madoa ya majani vidoleni.

Mwalimu asiye mwangalifu angetumia udhaifu huo. Angeigeuza tableti upande wake, akaweka kitelezi kwenye 0.6, akakifunika, akawaambia: mashine hii ni ya haki au inapunja? Wakirusha 10, wangeona vichwa 6, labda 5, labda 8, na wasingeweza kusema chochote cha maana. Kwa 100 wangeanza kunusa. Kwa 1,000 wasingehitaji mwalimu. Wangejifunza kwamba mashine inayopunja kidogo huhitaji uvumilivu mwingi kuikamata, na inayopunja kidogo sana huhitaji uvumilivu ambao mtu mmoja hana. Mfano wa hili si wa kubuni. Persi Diaconis na wenzake wawili walionyesha kwa hesabu mwaka 2007 kwamba sarafu inayorushwa kwa kidole na kudakwa ina mwelekeo mdogo wa kutua upande uleule ulioanza ukiangalia juu, kama asilimia 51. Mwaka 2023 kundi la watafiti likiongozwa na František Bartoš wa Amsterdam likatoa matokeo ya mirusho 350,757 ya mkono, na upande ulioanza juu ukarudi juu kwa asilimia 50.8. Kerrich na kambi yake yote, kwa mirusho 10,000, asingeweza kuwa na uhakika wa kuliona jambo dogo hivyo. Watu wenye kazi za kufanya walikaa wakadaka sarafu mara laki tatu na nusu, na mwaka uliofuata wakapewa Ig Nobel, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kitelezi kina matumizi mabaya kuliko hayo. Watengenezaji wa Aviator wenyewe hutangaza kwamba katika kila shilingi 100 zinazochezwa, 97 hurudi kwa wachezaji. Kwa mchezaji anayesubiri kila mara mpaka pesa yake iongezeke maradufu ndipo atoe, hiyo ni shilingi ya kurushwa iliyowekwa kama 0.485. Weka kitelezi hapo. Mtoto akirusha mara 10 hataona tofauti yoyote na nusu, na ndiyo maana mchezo unauzika. Akirusha 1,000 na kuweka shilingi 100 kila mara, kwa wastani atabaki na hasara ya shilingi 3,000. Mwingine akitaka kuanza na shilingi 100 tu na kuziingiza zote kila raundi, zikipungua wastani wake kwa asilimia 3 kila mara, baada ya raundi 30 hesabu ya wastani inampa shilingi 40. Kwenye kilo ya majani hakuna karani angethubutu kukata hivyo. Foleni ingegeuka maandamano hadi lango la kiwanda.

Kwa hiyo bandika karatasi. Tena gundi ya nguvu.

Saba, msichunguze mbegu

Mwishowe kuna jambo la kiufundi ambalo fundi wa kompyuta atakuambia lisikusumbue. Kompyuta haijui kubahatisha. Inachukua namba ya kuanzia, inayoitwa mbegu, inaizungusha kwa hesabu, inatoa namba inayoonekana ya nasibu, kisha inaizungusha tena. Mbegu ileile huzaa mfululizo uleule, mrusho kwa mrusho, leo na mwakani. Programu zilizotengenezwa vizuri huchukua mbegu mpya kila zinapofunguliwa, kutoka kwenye saa au kwenye mfumo wa kifaa. Zilizotengenezwa kwa haraka husahau. Lugha ya BASIC ya zamani ilikuwa hivyo: usipoiamuru ibadilishe mbegu, ilirudia namba zilezile kila ulipoianzisha. C nayo, usipoipa mbegu, hudhani umesema 1.

Ikitokea tableti zenu zina programu ya aina hiyo, walimu hawatajua kamwe, kwa kuwa wao hubonyeza 10,000 na kwenda kunywa chai. Atakayejua ni yule wa dawati la nyuma, mwenye sweta iliyotoboka. Siku moja ataifunga programu na kuifungua tena, atabonyeza kitufe cha 1, kisha cha 1, kisha cha 1, na kuona K, K, M, K, M, M, M. Ataifunga. Ataifungua. K, K, M, K, M, M, M. Hatasema kitu. Ataandika ishirini za kwanza nyuma ya daftari la Kiswahili, na wakati wa mapumziko atawakaribisha wenzake, kila mmoja na andazi lake, wakisie mrusho unaofuata.

Ukimkuta, fimbo hairuhusiwi, na barua kwa mzazi itamfanya mzazi ajivunie. Mwite pembeni. Muulize alifungua programu mara ngapi kabla ya kuwa na hakika kwamba haikuwa bahati tu, na kwa nini aliona idadi hiyo inatosha. Muulize pia kama alikuwa akishindwa makusudi mara mojamoja ili wasimshtukie, na alichaguaje lini ashindwe. Akianza kujibu, toa kalamu uandike, kwa sababu mada ya wiki ijayo hujaitayarisha.